Nani Alifunga Maduka ya Ngamiani?

Hotuba hii ilitolewa Tanga mjini mbele ya wakazi na wafanyabiashara. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Na nyinyi vijana mlioegemea baiskeli kule nje, ingieni, viti vipo, hakuna kiingilio.

Aliyenialika alinipigia simu kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba. "Mwalimu, maduka yetu madogo yamekwisha. Njoo utuzungumzie." Nikamwambia nitakuja. Lakini kwanza naomba nibishane naye mbele yenu.

Maduka yamekwisha? Jamani, yamekwisha? Tokeni mlangoni hapo, shikeni barabara yoyote ya Ngamiani, ya tano, ya nane, ya kumi na mbili, mnayoitaka. Mtapita duka la Mangi. Mtapita wakala wa miamala chini ya mwavuli. Mtapita vifaa vya simu, vipodozi, mitumba, duka la dawa, wakala mwingine, Mangi mwingine. Nyumba iliyokuwa na baraza moja la kukalia sasa ina fremu nne mbele, na mwenye nyumba anapitia uani. Maduka hayajakwisha. Maduka yamezidi mpaka tumekosa pa kucheza bao!

Sasa kama maduka yamezidi, tunalilia nini?

Tunamlilia fundi saa aliyekaa nyuma ya kioo na lenzi jichoni. Tunalilia studio yenye pazia lililochorwa ndege na bustani, unaazimwa koti, unaambiwa usicheke. Tunalilia duka la kurekodia kanda, duka la vitambaa ambako muuzaji anakutazama kabla hujafungua mdomo na kusema, "Kwa mwili wako bibie, yadi tatu hazitoshi." Tunalilia duka la vitabu. Mji huu ndio uliomlea Shaaban Robert, amezaliwa hapa jirani Vibambani mwaka 1909, na leo mtoto akitaka kitabu kisicho cha shule, unamwelekeza wapi?

Baadhi ya hao nitawapita haraka, mnisamehe. Studio iliuawa na kamera ya simu, kanda zikauawa na memori kadi, na saa ya mkononi siku hizi inavaliwa kama bangili. Hapo hakuna aliyedhulumiwa. Kitu kipya kilikuja kikafanya kazi ileile kwa bei nafuu, tukakikimbilia wote, na wa kwanza kukimbia walikuwa watoto wa wenye studio. Nisingekuja kuwachosheni jioni hii kwa ajili ya kanda.

Nimekuja kwa sababu ya kazi nyingine maduka yale yaliyokuwa yakifanya, ambazo hazikuandikwa kwenye kibao cha mlangoni. Hizo hazijapata mrithi.

Lakini tuanze na historia, maana tunazungumza kana kwamba maduka haya yalikuwepo tangu enzi za mababu, kisha juzi yakafa ghafla. Si kweli. Yana umri wake, na yamekwisha kufa zaidi ya mara moja.

Mwaka 1893 yalitokea mambo mawili katika mkoa huu. La kwanza, Wajerumani walianza kujenga reli kutoka hapa Tanga, reli ya kwanza katika nchi hii. Ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. La pili, Mjerumani aitwaye Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni miche 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Miche 62! Mashamba yote mliyoyaona mkikua, Muheza, Korogwe, Amboni, asili yake ni hiyo.

Sasa duka linaingiaje? Duka hufuata njia ya pesa. Ilikuwa hivyo hata kabla ya reli. Allidina Visram alifika Bagamoyo angali mtoto, na baadaye akapanga maduka yake kwenye njia ya misafara hadi Uganda. Reli ilipokuja, maduka yakahamia stesheni. Na mkonge ulipokuja, maduka yakahamia kwenye kipande.

Vijana, mnajua kipande? Mkata mkonge alikuwa na kadi ya siku 30. Siku aliyomaliza kazi inawekwa alama. Siku aliyoumwa, hakuna alama. Analipwa kipande kikijaa, si mwezi ukiisha, na kipande kingeweza kuchukua wiki sita au zaidi. Nawauliza: mtu asiyelipwa mpaka kipande kijae, huko katikati anakula nini?

Anakula dukani. Anakula kwa daftari.

Kwa hiyo mkopo wa duka, huu tunaousimulia leo kwa mapenzi, haukuanza kwa sababu watu wa zamani walikuwa wema sana. Ulianza kwa sababu ya namna watu walivyolipwa. Mwenye duka, awe Mhindi, awe Mshihiri, awe Mswahili, alikuwa anaziba pengo kati ya jasho na mshahara, na alijua kulipia pengo hilo kwenye bei. Tusisahau hilo tutakapofika kwenye daftari.

Tulikuwa wa kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani kama 230,000. Kisha kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa na mengine yakamezwa na pori, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tunahangaika na tani kama 20,000. Hayo ndiyo mazishi ya kwanza ya maduka yetu. Hakuna aliyeligusa duka. Aliguswa mteja.

Mazishi ya pili yalikuja kwa sheria. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, biashara kubwa ya kuagiza na kusafirisha bidhaa ilichukuliwa na serikali. Mwaka 1971 ikaja sheria ya majengo: nyumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ikawa mali ya umma chini ya Msajili wa Majumba. Tazameni yale majengo ya zamani ya katikati ya mji, duka chini, makazi juu, roshani ya mbao. Baba alilala usiku mwenye nyumba akaamka mpangaji. Wengi walifunga wakaenda zao. Mwaka 1976 ikaja operesheni ya kufunga maduka ya watu binafsi vijijini ili yawepo ya ushirika, na yakafungwa kabla bidhaa za ushirika hazijafika. Halafu mwaka 1983, vita dhidi ya wahujumu uchumi, yaani msako wa walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa.

Hapo naomba nisimame kidogo.

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Mnaokumbuka mnajua hali ilivyokuwa baada ya vita vya Kagera: sukari kwa foleni, khanga kwa foleni, sabuni kwa foleni. Unaona watu wamejipanga nje ya duka la RTC, kampuni ya umma ya biashara ya mkoa, unajipanga nyuma yao kwanza, ndipo unauliza wanapanga nini. Naona mzee wangu mmoja anatikisa kichwa pale, alikuwepo huyo. Sasa mtaani kwetu palikuwa na mwenye duka, si mtu mkubwa, alikuwa na katoni chache za sabuni za miche. Msako ulipoanza, mkewe alikuja kwetu usiku, akamwomba mama amfichie. Mama alikataa. Alisema kwa upole, lakini alikataa, kwani baba alikuwa mtumishi wa serikali na sisi tulikuwa wengi.

Asubuhi tukakuta sabuni mtaroni. Mvua ilinyesha usiku, mtaro wote ni povu, kutoka kwake mpaka kona ya tatu. Kina mama walitoka na ndoo na karai. Hakuna aliyeuliza sabuni ya nani. Mtaa mzima ulifua siku ile! Mwenye duka alikaa mlangoni kwake akatutazama tunafua kwa mtaji wake. Baada ya muda alihama, na fremu ile ikakaa imefungwa miaka.

Nasimulia haya kwa sababu nimechoka na aina moja ya kumbukumbu. Unamsikia mtu, "Zamani raha, pipi zilikuwa kwenye chupa za kioo, mwenye duka anakupa moja ya bure." Ni kweli, na mimi nilipewa. Lakini zamani ipi? Ya chupa za pipi, au ya mashelfu matupu yenye dawa za mbu peke yake? Anayekumbuka pipi bila kukumbuka foleni alikuwa mtoto, na foleni alipangiwa na mama yake.

Mwaka 1984 serikali ililegeza, wenye fedha zao wakaruhusiwa kuleta bidhaa. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, watu wakamwita Mzee Ruksa. Maduka yakafufuka. Watu wapya, bidhaa mpya, mitumba, redio za kaseti. Maduka mengi ambayo nyinyi vijana mnayaita ya zamani ni ya ufufuo huo. Ndiyo yanayofungwa sasa, mbele ya macho yetu, na safari hii hakuna sheria, hakuna msako, hakuna mkonge wa kusingizia.

Kwa nini basi? Na kwa nini inauma?

Nianze na daftari.

Alikuwepo mzee mmoja wa Kipemba hapa Ngamiani. Familia yake ni watu wa heshima na wengine wamo humu, kwa hiyo jina silitaji. Mzee alipofariki, mwanawe akaja kutoka Dar, kijana msomi wa uhasibu. Akakuta daftari la madeni chini ya meza, kubwa, jalada limekatika. Akanijia, kwa kuwa nilifundisha utunzaji wa hesabu miaka mingi: "Mwalimu, nisaidie tulisome." Tukakaa barazani tukalifungua.

Jamani. Hakukuwa na jina hata moja.

"Mrefu wa Bandari, sukari nusu, mkate." "Mama Kuku, mafuta ya taa." "Mkwe wa Fundi, unga kilo mbili, Idi." "Yule wa Pongwe." "Mke Mdogo." Nikamwuliza kijana, mke mdogo wa nani? Akasema, Mwalimu, mimi nitajuaje? Mtaa huu wake wadogo ni wengi! Tukahangaika mpaka magharibi. Na pembeni mwa majina mengine mzee alikuwa ameandika maneno: "Analipa nusu nusu." "Mpe akija mtoto, asije mwenyewe." Na pembeni mwa jina moja: "Asidaiwe, anauguza."

Katika miaka yangu yote ya kufundisha debiti na krediti sikuwahi kuona safu ya "Asidaiwe, anauguza". Haimo katika mtaala.

Baadhi ya wadeni walikuja wenyewe kulipa. Wengi hawakuja, na kijana hakuweza kuwafuata, angemfuata nani? Hesabu yote ilikuwa kichwani mwa marehemu. Daftari lilikuwa la kumkumbusha tu. Fremu ile leo ni ya wakala wa miamala, na yule binti anayekaa pale ni mwema na mwepesi wa mkono, lakini huwezi kumwambia, "Nipe elfu tano, nitalipa kipande kikijaa."

Kwani siku hizi hatukopi? Tunakopa kuliko zamani! Tunakopa kwa simu usiku wa manane bila mtu kutuona. Tunakopa kwa kausha damu, mikopo ya riba ya kunyonya, na jina lenyewe tumelitunga sisi tulioumwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yasiyo na kibali. Sitini na tisa! Na mnajua yanavyodai. Programu inachota majina yote yaliyomo kwenye simu yako, na ukichelewa inampigia mkweo, inampigia mwajiri wako, inampigia hata yule mliyeachana. Mzee wa Kipemba naye alijua ndugu zako wote. Alijua pa kukuaibisha. Aliandika "asije mwenyewe" ili usiaibike.

Hata hivyo msiniletee malaika. Mkopaji aliuziwa ghali kuliko mwenye pesa taslimu. Mtoto aliyetumwa sukari robo alirudi na robo iliyopungua, na wapo waliopima kwa mzani na kidole juu yake. Mnacheka kwa sababu mnawajua. Na wapo wakata mkonge waliomaliza kipande wakakabidhi malipo yote dukani, wakaanza kingine wangali na deni. Nilichosema ni kwamba mdai na mdaiwa walikutana kila asubuhi, wakasali pamoja, wakazikana. Hilo liliweka mpaka kwa ukatili wa yule na kwa ujanja wa huyu. Programu ya simu haimziki mtu.

La pili ni kipimo na ufundi, nitayaweka pamoja kwa sababu niliyaona siku moja kwa mtu mmoja.

Mji wetu ni wa baiskeli, wageni wote hulisema hilo, ni tambarare na upepo wa bahari unakusaidia ukirudi. Kwa hiyo tulikuwa na maduka ya vipuri vya baiskeli ambayo ndani yake mna fundi. Nilikuwa nimekaa kwa mzee mmoja wa vipuri, akaja bwana akisukuma baiskeli, ametoka nayo Mabokweni. Ekseli inalia. Mzee akaifungua pale pale, akaona gololi moja imepasuka. Akashusha kopo la maziwa kutoka juu ya kabati, akamwaga gololi kwenye kitambaa, akazichagua kwa kidole, akazilinganisha na zile nzima, akatia moja. Gololi moja! Akamtoza pesa ambayo haikufika bei ya andazi.

Nikamwuliza, mzee, hii si hasara? Akaniambia: "Akiondoka hapa anaendesha, kesho atakuja kununua tairi. Akiondoka anasukuma, atakwenda kuiuza."

Hiyo ni akili ya biashara, tena si ya huruma. Leo ukienda kutafuta gololi unaambiwa nunua pakiti. Ukitaka nati moja, nunua seti. Fundi simu anakwambia kioo hiki hakitengenezwi, badilisha chote. Nani sasa anayeuza kwa kipimo cha mwenye shida?

Viwanda. Viwanda viliona kabla yetu. Sabuni ya unga ya kipakti, dawa ya meno ya kipakti, majani ya chai ya kipakti. Ile kazi ya mzee ya kukufungia majani ya chai kwenye gazeti imehamia kiwandani, ikavishwa plastiki, na kipakti kinaishia mtaroni. Tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019 nilidhani gazeti litarudi, nikafurahi kidogo. Vipakti havikuguswa.

Na msidhani ni supamaketi zilizotumaliza. Tanzania imewaona wakubwa wakija na kuondoka. Shoprite waliuza maduka yao kwa Nakumatt, Nakumatt nao wakaanguka. Supamaketi za Uchumi nazo zilifunga. Kote huko Mangi alikuwa pale pale anauza kiberiti kimoja na yai moja. Wananchi wanaopata pesa kwa siku wananunua kwa siku. Nchi nyingine maduka madogo yaliuawa na makubwa. Kwetu habari ni tofauti, na ndiyo maana sipendi tukiiga kilio cha watu wengine.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliona kuwa la kweli kuliko yote, nalo huwa halisemwi kwenye mazungumzo haya.

Maduka mengi hayakushindwa. Yalifaulu.

Kuna duka moja la vitambaa na nyuzi, wote mnalijua, lilifungwa si muda mrefu. Watu waliandika kwenye magrupu, "Inasikitisha, urithi wetu unapotea." Nilimtembelea mwenye duka anapanga mizigo. Nikamwuliza, baba, hakuna hata mtoto mmoja wa kushika? Alicheka mpaka akakohoa. Ana watoto watano, wote wamesoma. Mmoja ni muuguzi, mmoja mhandisi, wengine wako ofisini. Akasema: "Mwalimu, mimi ndiye niliyewafukuza humu dukani kwa fimbo. Nilikuwa nikimkuta mtoto anashika yadi, namwambia kashike kalamu." Duka lile lilikuwa na kazi moja, nayo ilikuwa kuhakikisha mtoto hafanyi kazi ile. Likaifanya. Likafungwa.

Je, tumwambie nini mzee yule? Kwamba alikosea? Wangapi humu mmesomeshwa na duka? Inueni mikono. Haya. Sasa wangapi kati yenu mlirudi kuliendesha? Naona mkono mmoja. Na huo nadhani unajikuna.

Kwa hiyo tukiuliza nani alifunga maduka ya Ngamiani, tusimtafute Mchina wala Mangi wala serikali peke yake. Ada ya shule ilifunga. Na sisi tulifunga, kwa namna ndogo ndogo. Unaingia duka la hapa, unaona pazia, unalishikashika, unalipiga picha, unamtumia dada wa Kariakoo kwenye WhatsApp: "Hili kwako bei gani?" Kwake ni pungufu ya elfu tatu. Unalipa kwa simu. Anakuandikia, "Mzigo umepanda basi, namba ya kondakta hii hapa." Unakwenda stendi kwa bodaboda, unamsubiri kondakta saa nzima, unalipa nauli ya mzigo. Umeokoa kiasi gani? Na pazia ni la rangi nyingine!

Nayasema haya leo kwa sababu pesa inarudi Tanga. Bandari imeongezwa kina, meli zilizokuwa zikishushwa kwa matishari sasa zinafunga gatini. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani hapo. Reli na mkonge vilipokuja, maduka yalifuata. Yatafuata tena. Yatakuwa maduka ya aina gani? Yakiwa fremu mia za vifuniko vya simu, tutakuwa tumekubali wenyewe.

Kwa hiyo nina maombi. Si mengi.

Wenye nyumba wenzangu, ndiyo, na mimi nina fremu mbili: acheni kumdai fundi pango la mwaka mzima mbele. Mpe mkataba wa maandishi wa miaka kadhaa, alipe kwa mwezi. Wakala wa miamala ataweza kulipa zaidi, najua, lakini wakala anahamisha meza yake kwa bajaji siku atakayopata kona bora. Fundi akihama anapoteza wateja wake wote na nyinyi mnapoteza fundi.

Mafundi, hamna vyeti na mnaona haya kuliko mnavyopaswa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, inao utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza ujuzi kazini na kumpa cheti. Nendeni. Na chukueni vijana wawili watatu. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimama mwaka 2023, ikarudi 2024. Mzee wa miaka sabini hamo kwenye mafungu hayo, lakini vijana wake wakiunda kikundi wamo. Duka la vipuri likapata mtaji kwa jina la wanafunzi wa mzee, kuna ubaya gani? Binti naye ajifunze. Sijaona gololi inayouliza jinsia ya mkono.

Na wenye deni dukani, mkalipe kesho. Huyu ninayemsema anajijua.

Mwisho, tunakusanya vitu. Mizani na mawe yake, vibao vya zamani, yadi za mbao, picha za studio zilizo na muhuri nyuma, risiti. Tungependa vipate nafasi pale kwenye makumbusho ya Urithi, jengo la Boma, na mazungumzo tutayaanza sisi. Madaftari ya madeni nayo tunayataka, lakini kabla hujaleta, yapitie na mzee wa nyumbani, yanayogusa aibu ya mtu yafunikwe. Usiyachome. Na ukijua "Mke Mdogo" ni nani, njoo uniambie faraghani.

Nakaa sasa. Yule mzee aliyetikisa kichwa nilipotaja RTC ameinua mkono tangu wakati ule. Apewe kipaza sauti yeye kwanza, na naomba asikatizwe, hata akinipinga.